Usifungue Chupa Bado

Mazwi, Sumbawanga
4 Machi 2024

Mdogo wangu Sekela,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima na joto la Dar es Salaam halijakumaliza. Huku hatujambo kiasi. Mvua haijakata, na mama anavaa soksi mbili mbili.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi mwaka huu wa leo. Simu yako hainipokei tangu tulipomzika baba pale Tukuyu, na sasa ni mwaka wa pili. Basi nimempa kondakta bahasha, nikamwambia aifikishe kwenye duka lako la samaki. Basi halina kinyongo na mtu.

Sikuandiki kwa ajili ya ugomvi. Nina tangi la samaki. Usicheke. Ni lita mia mbili, maji ya chumvi, na matumbawe manne hai: moja lina vidole, moja kama kabichi, na mawili kama uyoga. Samaki ni wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nilivinunua vyote dukani kwenu Januari siku ambayo hukuwepo zamu. Yule anayetembea kutwa kukagua kila kona tumemwita Mtendaji, na yule anayekaa mahali pamoja tumemwita Mwenyekiti.

Ni vya mama. Tangu kiharusi cha Agosti alikuwa hatazami kitu. Unamwita, macho yapo darini. Tulipompeleka hospitali Novemba, kulikuwa na samaki kwenye ukumbi wa kusubiri, na nikaona macho yake yanawafuata. Sekela, yalienda kulia yakarudi kushoto. Nililia mbele za watu. Sasa anakaa mbele ya kioo hiki tangu asubuhi hadi jua linazama. Kikifa, sijui atatazama nini tena.

Swali langu ni hili. Dukani walinipa chupa tatu za virutubisho vya matumbawe. Karatasi yake ni ya lugha ya watu na maandishi ni ya sisimizi. Tangi lina wiki saba. Nianze kutia lini? Nianze leo?

Kaka yako,
Raphael


Dar es Salaam
11 Machi 2024

Kwa Raphael,

Habari za huko. Mimi mzima.

Usifungue chupa. Hata moja.

Tangi lako ni changa. Matumbawe manne madogo hayawezi kumaliza chakula kilichomo kwenye chumvi ya pakiti unayokoroga. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki, umeyapa vya kutosha. Ukiongeza juu yake unayavimbisha.

Anayejua lini ni maji, si kalenda. Chukua chupa ndogo ya maji Jumatatu, uiandike A. Usibadilishe maji wiki hiyo. Jumatatu inayofuata chukua nyingine, uiandike B. Zifunge vizuri, uzitume pamoja. Nitazipima. Namba ikishuka sana kutoka A hadi B, matumbawe yanakula. Isiposhuka, hayali, na wewe kaa kimya.

Kipimo chenyewe dukani tunakiita magadi ya maji. Ile chupa ya pili kati ya tatu za dukani ndiyo ya kuyapandisha; usiiogope wala usiiabudu, ndani yake hamna zaidi ya ndugu wa magadi mnayotia kwenye maharage. Tofauti ni bei na picha ya samaki.

Mama analala upande gani?

Sekela


Mazwi, Sumbawanga
25 Machi 2024

Mdogo wangu Sekela,

Salaam. Umeniandikia bila shikamoo. Nimeiona, nikaiweka mfukoni.

Chupa A na B hizo hapo, nimezifunga kwenye soksi ya mama ili zisigongane. Mama analala upande wa kulia usiku, kushoto mchana. Namgeuza kila baada ya saa mbili kwa sababu ya vidonda vya mgongo. Nikiwa kazini, idara ya ardhi, anamgeuza Modesta, jirani yangu, Mfipa wa Malangali aliyeolewa hapa Mazwi. Bila huyo mama ningeshaacha kazi. Kwetu Tukuyu asubuhi watu husalimiana ugonile, yaani umelalaje. Humu ndani siku hizi swali hilo ni la kuchokozana, maana hakuna aliyelala.

Jumatano umeme ulikatika saa sita nzima. Pampu ikazima. Nikachukua jagi, nikawa nachota maji na kuyamwaga humohumo ili samaki wapate hewa, chota mwaga, chota mwaga, na mama ananitazama mimi badala ya samaki. Nikamwambia, "Mama, leo samaki ni mimi." Nadhani alitabasamu. Modesta anasema ni shavu tu lilicheza.

Nilimweleza Modesta kuwa umenikataza dawa. Akasema una akili. Kwao hukata majani, wanayafukia kwenye tuta la duara wanaloliita ntumba, kisha wanaliacha mwaka ugeuke. Hawapandi mahindi majani yakiwa mabichi. Anayekimbilia kupanda, mahindi yanatoka ya njano, na majirani wanajua ni shamba la nani. "Hicho kioo chako ni ntumba, baba. Acha kioze kwanza."

Nasubiri namba.

Kaka yako,
Raphael


Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Kaka Raphael,

Salaam. Mimi nipo, mafua kidogo.

A ni nane na nusu na ushee, yaani 8.6. B ni 8.5. Hapo hakuna aliyekula. Endelea kubadilisha maji, usifungue chupa bado. Msalimie huyo Modesta. Mwambie ningekuwa na wateja kumi wenye akili yake ningelala mapema.

Sasa na mimi nina swali. Umesema mama aliwatazama samaki kwenye ukumbi wa hospitali. Hukutaja mji, lakini nimejiuliza ni hospitali gani ya huko kwenu yenye samaki wa maji ya chumvi. Mimi najua moja tu, na iko huku Dar. Tangi hilo nalisafisha mimi kila Alhamisi, mwaka wa tatu sasa. Ubavuni kuna karatasi yenye jina la duka letu. Ndivyo ulivyolipata duka, sivyo?

Kwa hiyo mama alikuwa Dar es Salaam. Alikuwa anatazama samaki ninaowalisha kwa mkono wangu, na mimi nilikuwa nusu saa kutoka pale, na wewe ulijua. Mlikaa siku ngapi?

Pale makaburini uliniambia mbele ya wazee, "Nenda ukalee samaki wako, mzazi ni wetu." Kesho yake ukampakia mama kwenye gari, ukapanda naye Sumbawanga, wakati mimi ndiye niliyekuwa nimekubaliana naye aje kwangu. Sijasahau hata koma moja.

Nani anamsuka nywele?

Sekela


Mazwi, Sumbawanga
29 Aprili 2024

Mdogo wangu Sekela,

Salaam, na pole ya mafua. Nimechelewa kujibu. Kila nikishika kalamu, saa mbili zimefika, namgeuza mama, nikirudi wino umenikimbia.

Nywele alinyolewa hospitali. Zimeota fupi na nyeupe. Modesta anazipaka mafuta.

Hayo mengine niache kwanza. Nikiyajibu leo nitayajibu vibaya.

Nakutumia A na B nyingine. Tumbawe lenye vidole limepauka nchani. Lile la kabichi halifunguki kama zamani. Na mama naye wiki hii uji anautema. Vijiko vitatu, basi, anafunga mdomo. Nimekaa katikati yao, huku mmoja hafungui na huku mwingine hafungui, na kabatini chupa tatu zimenitazama. Sekela, niruhusu nifanye kitu. Nina miaka arobaini na saba, nimepima viwanja vya watu mkoa mzima, na nyumbani kwangu kazi yangu imekuwa kungoja. Kungoja kunachosha kuliko kulima. Hata matone kumi tu, niambie matone kumi.

Kaka yako,
Raphael


Dar es Salaam
6 Mei 2024

Kaka,

Salaam. Mafua yamekwisha.

8.5 na 8.4. Hapana.

Kupauka nchani kunaweza kuwa ni kukua, au taa iko karibu mno. Inua taa kiganja kimoja. Nitakwambia ukweli ambao wateja hawapendi: katika matangi kumi ninayoitwa kuyazika, saba yameuawa na dawa, si njaa. Unataka kutia kwa sababu umechoka, si kwa sababu maji yamepungukiwa. Uchovu wako hauna namba kwenye kipimo changu.

Subiri kioo cha nyuma kianze kuota ukoko wa rangi ya waridi. Huo ukoko ndio unaoanza kula. Ukiuona, tuma maji. Kabla ya hapo, chupa zifungiwe.

Mama apewe uji mwepesi wa ulezi, wa vuguvugu, kwa kijiko cha chai, akiwa ameketi wima. Alikuwa akimpa baba hivyo. Usimfungue mdomo kwa nguvu.

Sekela


Mazwi, Sumbawanga
27 Mei 2024

Sekela,

Salamu nimezikosa leo, unisamehe.

Nimeua.

Chupa sikufungua. Naapa kwa kaburi la baba, zimefungwa mpaka sasa na ile nailoni yake. Lakini Jumamosi tumbawe la kabichi lilijikunja kabisa, na mama akageuza uso. Ameketi mbele ya kioo na anatazama mlango. Nikaogopa. Nikakumbuka ulivyoandika, kwamba ndani ya chupa hamna zaidi ya ndugu wa magadi ya maharage. Nikajisemea, basi, chupa nimekatazwa, magadi sikukatazwa. Nikaenda jikoni kwa Modesta, hakuwepo, nikachukua bonge, nikalitwanga, nikapima vijiko vitatu vya mezani. Nilikuwa nimekesha siku mbili. Naandika hivyo si kwa kujitetea. Pengine ni kwa kujitetea.

Maji yaligeuka meupe kama ya kuoshea mchele. Nikasema yatatulia. Asubuhi Mwenyekiti alikuwa chini, ubavu. Kabichi limeyeyuka, uyoga mmoja umeng'oka. Mtendaji amejificha nyuma ya jiwe anahema. Lenye vidole sijui.

Modesta alirudi akaona kinu. Hakunisema. Alikaa chini akasema, "Hata sisi, ntumba hatuimwagii magadi, baba," kisha akamchukua mama akamwogesha.

Mama ametazama ukuta siku mbili. Nimemhamishia kiti, amegeuza shingo upande uleule. Kitu kimoja nilimpa mzazi wangu kikamfurahisha, na nimekiua kwa mkono wangu. Sikuulizi kitu. Nimeona tu ujue.

Raphael


Dar es Salaam
30 Mei 2024

Shikamoo kaka,

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, mteja ananisubiri. Namtuma dereva wa basi la jioni hii na mifuko minne ya chumvi. Fanya hivi, usiongeze wala usipunguze.

Siku mzigo ukifika koroga maji mapya, yakae na pampu na hita mpaka kesho. Kesho toa robo ya maji ya tangi, tia mapya. Keshokutwa robo. Siku ya tatu robo. Vilivyokufa vitoe vyote. Taa iwake saa nne tu kwa siku. Lenye vidole usiliguse hata kama linakutia huruma. Baada ya hapo mkono mfukoni, wiki tano.

Sasa nisikilize. Lile neno la magadi niliandika kwa kejeli. Nilikuwa na hasira, nikataka ujione mjinga kwa kuogopa chupa. Sikumwandikia mtu anayekesha na mgonjwa, nilimwandikia yule aliyesimama makaburini. Yule aliyesoma akawa mwingine. Nusu ya Mwenyekiti nimeiua mimi. Umenitii neno kwa neno, kaka, na katika miaka yetu yote ndiyo mara ya kwanza, na angalia tulipofika.

Simu nimekufungulia. Lakini usipige bado. Nikisikia sauti yako nitashindwa kusema. Andika.

Mama akitazama ukuta, mwache. Mweke Mtendaji upande ambao shingo inageukia. Hamisha tangi ukiweza, usimhamishe yeye.

Mdogo wako,
Sekela


Mazwi, Sumbawanga
8 Julai 2024

Mdogo wangu Sekela,

Marahaba. Nimeijibu kwa barua, na niliijibu kwa sauti siku ile ile mpaka Modesta akauliza naongea na nani.

Tuko hai. Baridi ya mwezi huu inakata mifupa, hita haizimi. Tangi tulilihamisha watu wanne, maji nusu kwenye ndoo, likakaa upande wa ukuta alioutazama mama. Siku ya kwanza alifumba macho. Ya pili alifumbua. Wiki ya tatu Mtendaji alitoka nyuma ya jiwe, na mkono wa kushoto wa mama ukanyanyuka kidogo kwenye blanketi, kidole kimoja, kikamfuata mpaka kona. Modesta safari hii hakusema ni shavu. Uji anakunywa, nusu kikombe.

Lenye vidole limepona. Lina kidole kipya, cheupe nchani. Na kioo cha nyuma, Sekela, kimeota ukoko wa waridi. Madoa madogo kama ya mtu aliyepaka rangi ya kucha akachoka. Sikukimbilia chupa. Nilikaa chini nikayaangalia tu. Chupa A na B hizo hapo.

Uliniuliza tulikaa Dar siku ngapi. Siku tisa. Karatasi ile niliiona siku ya kwanza, nikajua ni duka lako. Namba ya duka niliiandika kiganjani na sikupiga. Niliona haya. Niliona nikipiga utakuja, utamwona mama alivyo, na utauliza mbele ya wauguzi ni nani aliyesema mzazi ni wa wanaume. Ni mimi niliyesema. Nililisema kwa sababu baba amelala pale na mimi ndiye mkubwa, na sikujua nifanye nini na ukubwa huo. Halafu nimekuja kulea samaki mimi. Siku ile ya umeme, nikichota maji ya tangi kwa jagi, nilicheka peke yangu.

Nisamehe. Na uje. Si kwa ajili ya tangi. Nimechoka, Sekela, nimechoka mpaka kwenye kucha, lakini hata nisingekuwa nimechoka ningekuambia uje.

Kaka yako,
Raphael


Dar es Salaam
15 Julai 2024

Shikamoo kaka,

A ni 8.2. B ni 7.1.

Nimepima mara tatu. Wiki moja, na imeshuka zaidi ya moja nzima. Zile za mwanzo nilikwambia hapana, hii nakwambia ndiyo. Maji yamepungukiwa. Lenye vidole linakula, na ukoko unakula.

Lakini usifungue chupa bado. Nimeomba likizo, wiki tatu, na mwenye duka amenipa bila maneno kwa sababu sijawahi kuomba. Nafika Jumamosi tarehe 27, basi likijaliwa. Nitafungua mwenyewe. Mpaka hapo badilisha maji kama kawaida, yatashikilia.

Siku tisa nimezisikia. Bado zinauma, sitaki kukudanganya. Nilienda Alhamisi kwenye ile hospitali kusafisha, nikakaa kwenye benchi la mbele, nikatazama samaki mahali alipowatazama. Nimekusamehe nikiwa nimekaa pale. Kesho yake hasira ikarudi kidogo, nikakusamehe tena. Nadhani itakuwa hivyo kwa muda.

Nakuja na kitana.

Mdogo wako,
Sekela


Mazwi, sebuleni kwako
Jumapili, 28 Julai 2024

Ugonile, kaka,

Nakuachia hii juu ya meza kwa sababu sitaki kukuamsha. Jana nilipoingia ulinipokea begi, ukanionyesha vidonge vya mama na saa zake, ukaniambia tukae tuongee, ukakaa, ukalala na kiatu kimoja. Hiyo ilikuwa saa kumi jioni. Sasa inakaribia saa mbili asubuhi. Modesta amekufunika blanketi, akasema usipoamka leo ni sawa, hata kanisani watakuelewa.

Mama amenitazama. Nilipiga magoti mbele ya kiti, akanitazama usoni, kwa muda mrefu, kama anasoma. Nikamwambia, "Mama, ni Sekela." Kisha akarudi kumtazama Mtendaji. Nililia nikacheka. Nimemchana nywele, ni laini mno, sikujua kama nywele zake zingeweza kuwa laini hivyo.

Chupa nimefungua. Nilitaka tufungue pamoja, lakini wewe ulikuwa unakoroma, na maji hayana Jumapili. Nilimwekea mama ile chupa ya pili kwenye mkono wa kushoto, akaishika, mimi nikazungusha kifuniko. Mililita mbili kwa bomba la sindano, taratibu, pale pampu inapopuliza. Ya kwanza kesho, siyo leo, hazitiwi pamoja. Ya tatu tusiiguse mpaka nipime. Mtendaji alikuja kukagua, akaona hamna kitu, akaenda zake. Maji hayakugeuka rangi.

Nimeandika ratiba ukutani, ya tangi na ya mama, karatasi moja. Nitakuwa hapa wiki tatu. Baada ya hapo tutapima tena, sote, tuone nani amepungukiwa nini.

Mama nimemgeuza saa kumi na mbili. Saa mbili hii inaingia, ni yangu. Saa nne ni yangu pia. Uji uko jikoni, umefunikwa.

Lala.

Mdogo wako,
Sekela